Mkwe Kwenye Ukungu

Jumatatu, 2 Juni

Kipimajoto leo nyuzi tatu. Nyuzi tatu! Nyasi zote nyeupe, vidole vimekataa kushika kalamu. Mvua sifuri—kama jana, kama juzi. Mwezi wa sita Uyole mvua hainyeshi hata ukiifungia na kuiombea, lakini kila siku saa tatu asubuhi lazima nivuke mashamba ya kituo, nichungulie kipimamvua kitupu, niandike sifuri, niweke sahihi. Ndiyo kazi yangu. Naipenda.

Nyumbani sasa, huko ndiko kwenye mambo. Baba mkwe amekuja jana na mkewe kutoka Tukuyu kutibiwa macho. Atakaa mwezi mzima. Na mimi, Bupe, mwenye diploma ya hali ya hewa, sitakiwi kumwona wala yeye kuniona. Ndiyo mila ya kwao Ipyana, mume wangu: mke wa mtoto na baba mkwe hawaangaliani. Nikisikia kikohozi sebuleni natokea mlango wa jikoni. Tukikutana njiani naacha njia, nachuchumaa, nampa mgongo, kitenge hadi puani; yeye anazungukia mbali kwenye nyasi mpaka apite. Akiwa na la kuniambia anamwambia mama mkwe, Mama Marta, naye ananiambia mimi, hata kama nimesimama nyuma ya mlango na nimesikia kila neno. Miaka sita ya ndoa na sijui kama ana ndevu.

Familia nyingi zimeshaacha. Ya kwetu, thubutu. Ipyana yuko zake Mgololo, kiwanda cha karatasi, anarudi mwisho wa mwezi, ananicheka kwenye simu. Namwambia cheka tu, heshima si utumwa.

Redioni bado wanaongelea vile Vitu vya kutoka angani. Jana vimetokea Peru, juzi Japani. Wiki nzima ndiyo hivyo: vinatokea, watu wanavikodolea macho na simu juu, vinayeyuka. Picha zote ni moshi mtupu. Bosi wangu, Bwana Zabron, anasema ni janja ya wauza simu.

Jumanne, 3 Juni

Nimechelewa kazini. Mara ya kwanza kwa miaka minne! Nimeandika "saa 3:12" kwenye daftari la kituo kwa aibu.

Ni hivi. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hata jembe uliloshika. Nakaribia kibanda cha vipimajoto—mbele yangu mtu. Mrefu, mpana, blanketi la kijivu hadi chini, kofia pana. Nani mwingine anavaa hivyo? Baba mkwe ana blanketi hilohilo na kofia ya pama. Nikajitupa pembeni kwenye mabua ya mahindi, nikachuchumaa, mgongo, kitenge. Nikasubiri apite.

Hakupita. Akasimama tu. Mimi siwezi kuinuka maana yupo, na yeye haendi, sijui kwa nini. Magoti yakafa ganzi. Nikawaza: macho yamemzidi maskini, haoni njia. Nikawaza: nimwite? Haitwi. Nikawaza: nipige chafya? Mwishowe nikasikia kaupepo, nyasi zikalala, akazunguka kwa mbali kabisa, kule bondeni, taratibu, kwa adabu zote. Nikapona.

Mchana nikamwambia Mama Marta: Mama, mwambie Baba asitembee peke yake na macho yale, leo tumekutana kwenye vipimajoto. Mama akaacha kumenya viazi. Akasema Baba ana mafua, hajatoka kitandani tangu jana, na kofia yake ile pale msumarini.

Nikaangalia. Ipo.

Sasa mimi nimemheshimu nani?

Jumatano, 4 Juni

Yupo! Yupo, yupo, yupo. Mwandiko mbaya leo, nitausoma hivyohivyo.

Nilikwenda mapema. Palepale, ukungu uleule. Safari hii niliona pindo la lile blanketi kabla sijageuka. Halikugusa nyasi. Lilielea juu kidogo, kama upana wa kiganja, na chini yake barafu nzima, haijakanyagwa. Nikajua ni Kitu. Akili ikasema kimbia. Miguu ikachuchumaa. Mgongo ukageuka wenyewe, kitenge kikapanda—mazoea yana tabu. Nimekaa pale nimekipa mgongo Kitu cha angani kana kwamba ndicho kilichonitolea mahari.

Kikasema, kwa sauti nzito ya mtangazaji: "Habari za asubuhi, mpenzi msikilizaji. Nyanda za juu kusini, ukungu asubuhi na vipindi vya jua."

Nilicheka mpaka nikaangusha daftari. Kumbe wamejifunzia Kiswahili kwenye redio za malori yanayokwenda Zambia, na maneno wameyachukua yalivyo, pamoja na matangazo. Nikajibu huku naangalia mabua: asante, leo nyuzi nne.

Tumeongea karibu nusu saa. Anasema kwao kumkodolea mtu macho ni sawa na kumvua nguo. Wamezunguka dunia nzima wakitafuta wa kuongea naye, na kila walikofika watu wamewakodolea, wao wakaona haya, wakaondoka. Mimi ndiye wa kwanza kuwapa mgongo. Na kwao anayekupa mgongo namna ile ni mmoja tu, mwanamke aliyeolewa nyumbani mwako. "Tumekupata," akasema, "na mpira unaanzia katikati."

Nilitakiwa kumwambia. Samahani, jana nilidhani wewe ni baba mkwe, kulikuwa na ukungu. Dakika moja tu. Lakini nilikuwa na furaha mno, nikasema karibuni sana.

Nacheka peke yangu hapa. Mama Marta ananichungulia, anadhani nina mimba.

Alhamisi, 5 Juni

Leo alianza na ule wimbo wa huzuni wanaopiga kabla ya matangazo ya vifo. Aliuimba mwenyewe, puani. Nikaanza kucheka. Halafu akasema:

"Tunasikitika kutangaza msiba wa dunia yenu yote, utakaotokea Ijumaa tarehe ishirini mwezi huu, saa saba mchana, kwa kugongwa na jiwe. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo."

Nikaacha kucheka.

Jiwe lenyewe anasema ni kama mlima Loleza kwa ukubwa, jeusi, linakuja kutokea upande wa jua, ndiyo maana hakuna aliyeliona. Wao walikuwa wanapita zao. Nikauliza, mnaweza kulisukuma? Anasema kulisukuma ni kazi ya asubuhi moja. Ila kwao msiba hauingiliwi na mtu baki. Msiba ni wa ndugu. Ukiingilia msiba wa watu usiowajua umewatukana, na kwao ni vita. Ndiyo maana walikuwa wanatafuta undugu kwanza.

"Na sasa upo," akasema. "Nyumba haimwachi mke wake afe."

Nilimkimbilia Bwana Zabron. Akaja na ile darubini yake ya kuangalizia ndege, akachungulia juu ya uzio. Ukungu ukapasuka, mtu hakuna. Nimemfokea bosi wangu, Mungu anisamehe. Nimemuuliza kama kwao hawakumfundisha adabu. Akaomba radhi, akasema kesho atakuja kinyumenyume.

Jumamosi, 7 Juni

Jana Zabron alikuja kinyumenyume kweli, akasikia mwenyewe, akapiga simu serikalini; leo kituo kimejaa magari hadi kwenye viazi. Amefika dada mmoja kutoka Iringa, Veneranda, mtu wa serikali. Mfupi, sauti ya mwalimu mkuu, faili kifuani halimtoki. Jambo lote hili limewekwa mikononi mwake. Akaniuliza cheo changu. Nikasema msoma mvua. Akaandika.

Swali la kwanza: wanafananaje? Sijui. Urefu? Sijui. Macho mangapi? Dada, sijui, nimewapa mgongo. Akaweka kalamu chini. Yaani dunia nzima ina mtu mmoja aliyeongea nao, na mtu huyo hajawaona. Alijikaza, akashindwa, tukacheka wote wawili mpaka machozi.

Basi nimewafundisha. Mimi! Profesa wa Dar, wazungu watano na Mjapani mmoja, wote wamechuchumaa kwenye mabua, migongo kwa ukungu, vitenge vichwani. Vitenge vimekwisha soko la Uyole. Mzungu mmoja mrefu hajui kuchuchumaa kabisa, kila mara anaanguka ubavu, na Mama Marta aliyeleta viazi vya kuchemsha akasema huyu hata tufanyeje hapati mume.

Mgeni wangu wa kwenye ukungu alikuja. Alipita nyuma ya migongo yetu, mmoja mmoja. Halafu akasema, bila ubaya: "Hawa wanaiga. Wewe hukuiga."

Wote wakanigeukia kunitazama kwa heshima. Ile siku ya kwanza sikuiga, kweli. Nilikosea.

Jumatatu, 9 Juni

Sasa ni rasmi. Darubini zote kubwa zimeelekezwa alikosema, zimeliona jiwe. Tarehe ishirini, saa saba, alivyosema. Redioni watu wanalia. Makanisa hayatoshi, Walutheri na Wakatoliki wamehamia uwanja wa mpira, wanapokezana kipaza sauti, na kwaya zao zinashindana kama Pasaka. Naona haya kuandika hili—nina furaha. Watu wanaogopa jiwe, mimi kila nikiamka naogopa nisije nikakuta nilikuwa naota.

Ipyana amefika kwa lori la karatasi kutoka Mgololo. Alinikumbatia mbele za watu, halafu akaniuliza kwa kununa kidogo: kwa hiyo umeolewa mara ya pili? Nikamwambia hao ni wakwe tu, mume hajatajwa. Akasema na asitajwe.

Leo kulikuwa na kazi. Mgeni anataka ndugu zangu, ili wajue msiba huu wanaouzuia ni wa nani na nani. Nikaanza na mama yangu kule Kyela. Wajomba. Dada zangu watatu. Mama Marta kanikalia ubavuni, ananong'ona: usiache mtu. Nikaongeza Bwana Zabron. Nikaongeza yule jirani aliyekula kuku wangu akasema ni mwewe. Ikafika saa tano, bado niko Kyela. Nikaona hivi siwezi, nikasema: wote.

Akauliza wote ni wangapi.

Nikamuuliza Veneranda, Veneranda akamuuliza Mjapani. Bilioni nane na kidogo.

"Ukoo mkubwa," akasema.

Nikamwambia tunazaana.

Basi amekubali. Wote! Veneranda alitupa faili hewani, karatasi zikatapakaa kwenye mabua, akazikimbilia huku anaimba kwa Kihehe. Mama Marta akasema ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Zabron akapiga magoti. Mzungu mrefu akaanguka tena.

Alhamisi, 12 Juni

Furaha imeingia mchanga.

Mgeni anasema wazee wao watakuja wenyewe Jumanne. Ndiyo taratibu yao: hawasukumi kitu mpaka wamsikie mke wa nyumba kwa masikio yao. Watauliza swali moja tu mbele ya mashahidi. Siku ile ya kwanza, ulimheshimu nani? Nikishajibu wanaondoka kwenda kazini. Mwisho wa kusukuma ni saa sita mchana siku hiyohiyo. Ikipita hapo jiwe limeshakaribia mno, halisogei.

Veneranda hakuona tatizo. Jibu ni neno moja, akasema: nyinyi. Tumefanya mazoezi mara ishirini. Ulimheshimu nani? Nyinyi. Ulimheshimu nani? Nyinyi. Profesa akasema nitoe sauti tumboni.

Mara ya ishirini na moja nikalia. Nikamwambia ukweli wote, blanketi, kofia, mafua. Veneranda akafunga mlango. Akaketi juu ya meza ya Zabron, miguu haifiki chini. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema Mama Marta. Akasema basi iishie hapo. Akasema Bupe, mdogo wangu, mimi nina mama yangu Iringa, nina watoto wawili, na wewe una watu bilioni nane uliowataja mwenyewe kwa kinywa chako. Neno moja tu.

Ana haki.

Lakini ni wakwe. Mkwe unamwambiaje uongo?

Jumamosi, 14 Juni

Nyuzi mbili. Mvua sifuri. Sijala. Ipyana amenipikia uji, umeungua, nimeunywa.

Jumapili, 15 Juni

Siamini kilichotokea leo. Nimekaa nakitazama hiki kitabu robo saa kabla sijaanza kuandika.

Mama Marta na Ipyana walikwenda kwenye ibada uwanjani. Mimi nilibaki jiko la nje, napika. Nikasikia kikohozi. Baba mkwe, ng'ambo ya ukuta wa mabanzi, anajikokota na kigoda. Nikashika ndoo nitoke.

Akasema: "Usitoke."

Miaka sita. Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe. Nikabaki na ndoo mkononi, mgongo kwa ukuta.

Kwanza alijaribu kufuata utaratibu. Akauambia ukuta: ewe ukuta, mwambie huyo mama kwamba Marta hayupo na sina wa kunisemea. Ukuta ukanyamaza. Akacheka mwenyewe, kicheko cha mafua, kinapiga filimbi. Akasema basi tutasameheana. Akasema amesikia nimemfananisha na mtu wa angani. Akauliza, mtanashati? Nikasema, Baba, sikuangalia. Akasema vizuri.

Halafu akanihadithia. Mjomba wangu alipokwenda kwao kunitolea sifa alisema hakuna binti Kyela nzima anayenishinda kupika mbalaga, zile ndizi za kwetu. Wakafurahi, mila zikaenda, nikaletwa. Jumapili ya kwanza nikapika ndizi. "Nilikula," akasema. "Marta alinitazama. Nilimaliza sahani." Usiku wake Mama Marta akauliza kama wanirudishe, maana wameuziwa uongo. Yeye akamwambia uongo ni wa mjomba, binti hajasema neno. Siku binti akifungua mdomo wake mwenyewe akanidanganya, hapo ndipo nitafikiri.

Nikauliza, na mpaka leo?

"Mpaka leo hujui kupika ndizi," akasema. "Lakini hujanidanganya."

Nimelia na nimecheka na maharage yameungua. Hakuniambia la kufanya Jumanne. Alikohoa, akajikokota na kigoda chake akarudi ndani, na mimi nikasimama na ndoo mpaka nikasikia mlango umefungwa.

Jumanne, 17 Juni

Naandika hapahapa kwenye mabua. Veneranda anadhani naandika ripoti.

Ukungu wa leo ni wa kushika kwa mkono. Wamekuja wengi, nasikia nyasi zinalala kila upande nyuma yangu. Mbele yangu wataalamu mistari minne, migongo, vitenge. Baba mkwe wamemleta kama mzee wa upande wetu, wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya kibanda cha vipimajoto ili tusionane. Mama Marta yuko ubavuni kwangu. Ipyana kanishikia chupa ya chai. Redio zote za dunia zinatusikiliza. Zabron amenisomea vipimo leo. Nyuzi tatu na nusu, mwandiko wa kuku.

Saa nne na nusu wimbo ukapigwa. Kisha sauti yetu ileile: "Na sasa, mpenzi msikilizaji, swali letu la leo. Siku ile ya kwanza, ulimheshimu nani?"

Veneranda akanionyesha kidole kimoja. Neno moja.

Nimesema yote. Sikuvuta hata pumzi. Nilisema sikuwaheshimu nyinyi, nilidhani ni baba mkwe wangu, yule pale kwenye kiti, ana blanketi kama lenu, kulikuwa na ukungu, nikanyamaza tangu siku hiyo kwa sababu nilikuwa na furaha, na baadaye kwa sababu nilikuwa na woga. Mnisamehe. Veneranda akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo sana. Profesa akavua kitenge.

Tulisikia malori kule barabarani yakibadilisha gia.

Halafu likaja swali la pili, ambalo halikuwa kwenye mazoezi. Sauti haikuwa ya mtangazaji. Nyembamba, inakwaruza, inatafuta maneno. Nadhani ndiyo yake mwenyewe. Aliuliza: "Kesho yake ulijua si yeye. Kwa nini uligeuka tena?"

Nikasema sijui. Nikafikiri. Nikasema: niliona mna haya. Mtu mwenye haya haumbuliwi.

Wakaomba muda. Wanashauriana, mlio wao kama mahindi yanayopukuchuliwa. Ndiyo nimepata nafasi ya kuandika. Saa tano na dakika kumi sasa. Bado dakika hamsini. Mdomo unataka kucheka, sijui nina nini. Ipyana ameniuliza kwa macho: umefanya nini? Nimemjibu kwa mabega: ndiyo hivyo. Akanimiminia chai, akaimwaga yote pembeni ya kikombe. Jamani, nampenda mtu huyu.

Saa tano na ishirini.

Saa tano na nusu. Mlio umekoma.

Amesema: "Geuka utuone."

Basi. Hilo tu. Mama Marta amenishika mkono, wake wa baridi kuliko wangu. Kwetu mkwe anaambiwa hivyo kwa mambo mawili tu. Ameshafanywa binti wa kuzaa, hana tena wa kumkimbia nyumbani humo. Au ndoa imekufa, anarudishwa kwao, na mtu baki hana sababu ya kuficha uso. Kwao sijui ni lipi, la kulisukuma jiwe au la kuliacha lije. Nimeuliza, ni lipi? Amerudia polepole, kwa sauti ile nyembamba, na naapa anaona haya kuliko mimi: geuka.

Veneranda anatikisa kichwa, usigeuke, machozi yanamtoka. Kutoka ng'ambo ya kibanda Baba mkwe ameniambia kwa nguvu, dunia nzima inasikia, "Mama, geuka." Mama Marta amesema nifunge kitenge vizuri kwanza, siwezi kutokea mbele za watu nimevaa hivi.

Nafunga.